Uingereza: Kuta zilizovishwa ili nyumba zipate joto sasa zinaota kuvu

Kuna namba moja katika ripoti iliyotolewa Oktoba 2025 na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza, NAO, ambayo inabidi uisome mara mbili: asilimia 98. Hiyo ndiyo sehemu ya nyumba zilizofungwa vihami joto kwenye kuta za nje, chini ya mipango miwili ya serikali, ambazo kazi yake ilikutwa na kasoro kubwa zinazohitaji kurekebishwa. Kwa makadirio ni kati ya nyumba 22,000 na 23,000. Kwa zile zilizovishwa kuta za ndani, kasoro zilikuwa kwenye asilimia 29, yaani kati ya nyumba 9,000 na 13,000.

Walioingia katika mipango hiyo wengi wao ni watu wa kipato cha chini: wazee, wagonjwa, familia zinazopokea ruzuku, wapangaji wa nyumba za zamani zenye baridi. Walibishiwa hodi au walipigiwa simu, wakaambiwa kazi ni ya bure na bili ya gesi itashuka. Wapo ambao miezi michache baadaye waliona ukuta wa chumba cha kulala ukigeuka mweusi.

Wasikilizaji wetu wengi wana ndugu walioko Uingereza, na wengine wanatusoma kutoka hukohuko. Basi tueleze jambo hili tangu mwanzo, kwa sababu kosa halikuanzia kwa fundi aliyepanda ngazi na ndoo ya gundi.

Mpango mkubwa kati ya hiyo miwili unaitwa ECO, ulioanza mwaka 2013. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Wajibu wa Kampuni za Nishati. Serikali haitoi fedha zake. Inaziambia kampuni zinazowauzia wananchi gesi na umeme: kila moja wenu, kulingana na ukubwa wake, lazima ifanikishe kiasi fulani cha kupunguza matumizi ya nishati majumbani. Ukishindwa, mdhibiti, ambaye ni Ofgem, anakuadhibu. Awamu ya nne, ECO4, ilianza mwaka 2022 na ilihusu kampuni zenye wateja zaidi ya 150,000. Gharama yake ilikadiriwa kuwa kama pauni bilioni moja kwa mwaka. Kampuni zinalipa, halafu zinairudisha gharama hiyo kwenye bili za wateja wote.

Msikilizaji wa Tanzania ataelewa haraka. Tangu mwaka 2021 ukinunua umeme wa LUKU unakatwa na kodi ya jengo, na kabla ya hapo ulikuwa tayari unachangia asilimia 3 ya nishati vijijini. Mkenya naye anachangia asilimia 5 kwa kazi kama hiyo, na imeandikwa kwenye bili yake. Serikali zimegundua kwamba bili ya umeme ni mkusanyaji hodari, haina foleni na haibishani. Tofauti ni hii: huku kwetu tozo inaonekana kwa jina, na fedha zinakwenda kwenye mfuko wa umma wenye mkaguzi. Kule Uingereza fedha za ECO hazikupita hazina hata kidogo. Zilitoka kwa mteja, zikaenda kwa muuzaji wa gesi, zikaenda kwa mkandarasi. Kwa macho ya bungeni hayakuwa matumizi ya serikali kama yale ya barabara au hospitali, na kitu kisicho kwenye vitabu vya serikali hukaguliwa kwa nadra.

Kwa nini basi mzigo huu ukapewa wauza gesi? Wazo lilikuwa na mantiki yake. Lilianza mwaka 1994, wakati umeme ulipokuwa umebinafsishwa, kwa mchango mdogo wa kama pauni moja kwa mteja. Muuzaji ndiye mwenye anwani ya kila nyumba, ndiye anayejua nani anatumia kiasi gani, na ndiye mwenye fedha. Mwachie atafute mwenyewe njia rahisi kuliko zote ya kupunguza matumizi. Soko litapata njia hiyo haraka kuliko karani wa wizara.

Na kweli soko lilipata njia rahisi. Katika awamu ya kati ya mwaka 2008 na 2012, iliyoitwa CERT, kampuni ziligundua kwamba balbu zinazotumia umeme kidogo zinahesabiwa kama nishati iliyookolewa. Zikaanza kuzituma kwa posta. Zaidi ya balbu milioni 300 ziligawiwa, zaidi ya kumi kwa kila kaya nchini. Nyingi ziliishia kwenye droo na makabati. Kwenye karatasi, kila moja ilikuwa imekwisha okoa umeme. Kuanzia Januari 2010 serikali ikakataa kuzihesabu balbu zinazotumwa tu kwa posta bila mtu kuziomba.

Hapa tunajiruhusu kuchepuka kidogo. Uganda ilipogawa balbu kama hizo mwaka 2007, takriban laki nane, mteja alibadilishiwa: lete ya zamani, chukua mpya. Nchi yenye fedha kidogo ilikuwa na akili ya kuhakikisha kwamba balbu moja iliyoingia imetoa nyingine. Jambo dogo, lakini ndilo linalotenganisha kuhesabu vitu na kuhesabu matokeo.

Haki itendeke kwa mfumo huu: haukuwa balbu tu. Katika miaka hiyohiyo mamilioni ya nyumba za Uingereza ziliwekewa pamba ya madini darini, na mamilioni ya kuta zenye uwazi katikati zikajazwa vihami joto. Hizo ni kazi nyepesi. Fundi anatoboa tundu, anapuliza, anaziba, anaondoka baada ya saa chache, na kwa nyumba nyingi mambo yakawa mazuri. Pale ambapo kazi ni rahisi na kosa ni gumu kulifanya, kumwachia muuza gesi atafute bei ya chini kulisaidia. Ugumu ulikuja zilipobaki zile nyumba ngumu.

Nyumba nyingi za Uingereza zilizojengwa kabla ya miaka ya 1920 zina ukuta mmoja mzito wa matofali, usio na uwazi wowote ndani. Njia ya kuuzuia usipoteze joto ni kuuvisha: mabamba manene yanabandikwa upande wa nje na kupigwa lipu juu yake, au yanawekwa ndani ya chumba. Fikiria unamvalisha mtu koti la mvua. Koti likiwa zima, ni kinga. Likiwa limetoboka mabegani, maji yanaingia na hayana pa kutokea, na aliyevaa anakuwa amelowa kuliko yule asiye na koti. Kwenye nyumba mabega hayo ni pale bamba linapokutana na paa, dirisha, bomba la maji ya mvua, kibaraza. Kila nyumba ina maungio yake, na kila moja inahitaji mtu aichore kabla ya kuigusa. Ongeza na hili: ukiziba mianya yote ya ukuta wa zamani bila kuweka njia mpya ya hewa, mvuke wa jikoni na bafuni unabaki ndani, unatua kwenye kona yenye baridi, na kuvu inaota.

Kuvu si suala la rangi ya ukuta. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili alifariki huko Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, na mahakama ya uchunguzi wa vifo ilihitimisha mwaka 2022 kwamba chanzo kilikuwa kukaa muda mrefu kwenye kuvu ya nyumba waliyopanga wazazi wake. Nyumba ile haikuhusika na mpango tunaoueleza. Lakini tangu siku hiyo hakuna waziri wa Uingereza anayeweza kusema kwamba unyevu ni usumbufu tu. Kwa zile zilizovishwa kuta za nje, NAO ilikuta kwamba asilimia 6 zilikuwa na hatari ya papo hapo kwa afya na usalama, kama nyaya za umeme zilizoachwa wazi au njia ya hewa ya boila iliyozibwa. Boila isiyopumua hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Swali la kujiuliza ni hili: katika mlolongo wote ule, nani alikuwa na sababu ya kwenda kuangalia ukuta?

Muuza gesi hakuwa nayo. Alichohitaji ni alama. Kila nyumba iliyotengenezwa ilipewa alama kulingana na bili inayotarajiwa kushuka, kwa hesabu ya kompyuta na si kwa kusoma mita. Mkandarasi anakuja na alama zake, muuza gesi ananunua zile za bei ya chini, anazipeleka Ofgem, wajibu umetimia. Mkandarasi naye akishauza alama anawaza nyumba inayofuata. NAO ilieleza kwamba kazi zilikabidhiwa kwa wakandarasi wadogo, na baadhi ya waliozifanya hawakuwa na ujuzi wala vyeti. Kwamba viwango vya kazi vilieleweka tofauti na watu tofauti. Na kwamba kampuni zilikata kona kwenye uchoraji na ufungaji. Kulikuwa na msimamizi aliyetakiwa kuilinda nyumba kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini mara nyingi alilipwa na mkandarasi yuleyule anayemsimamia.

Juu yao kulikuwa na tabaka la watoa vyeti, juu ya watoa vyeti kulikuwa na chombo kinachoitwa TrustMark chenye kazi ya kulinda ubora, kando yake Ofgem, na juu kabisa wizara ya nishati. Ukihesabu ofisi, usimamizi ulikuwa mwingi. Ukimtafuta mmoja ambaye kushindwa kwa ukuta kungemgharimu, humpati. Manahodha wengi, tunasema sisi, chombo huenda mrama.

Palipo na pengo kama hilo wezi hawakawii. Ofgem ilikadiria kwamba huenda wakandarasi walighushi madai kwenye nyumba kati ya 5,600 na 16,500, na kujipatia isivyo halali kati ya pauni milioni 56 na milioni 165. Fedha hizo, tukumbuke, zilitoka kwenye bili za kila mtu, pamoja na yule anayenunua gesi kwa kadi na kuizima usiku ili ibaki ya asubuhi.

Haya yote yalikuwa na onyo. Mwaka 2012 na 2013, chini ya mpango dada wa ECO, zaidi ya nyumba 300 katika mtaa wa Fishwick mjini Preston zilivishwa kuta kwa namna iyo hiyo. Maji yakaingia, lipu ikabanduka, vyumba vikaoza. Ulikuwa mtaa wa watu wa kawaida, wengi wa asili ya Asia Kusini, na kwa miaka walizungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Serikali iliagiza mapitio, yaliyoongozwa na Peter Bonfield na kutolewa Desemba 2016, na ndiyo yaliyozaa mfumo wa TrustMark tulioutaja. Kwa hiyo dawa iliyotolewa baada ya Fishwick ilikuwa cheti kingine juu ya vyeti. Jinsi fedha zilivyotembea haikuguswa.

Tunarudi kwenye siasa, maana ndiko mpango huu ulikoamuliwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwishoni mwa mwaka 2013. Bei za nishati zilipanda, upinzani ukaja juu, na serikali ya David Cameron ikapunguza malengo ya ECO, kama sehemu ya hatua za kushusha bili kwa kama pauni 50. Idadi ya nyumba zilizotengenezwa iliporomoka, na mafundi waliokuwa wamejifunza kazi wakaenda kutafuta nyingine. Kisha bei ya gesi ikalipuka kuanzia mwaka 2021. Tovuti ya Carbon Brief ilikadiria Januari 2022 kwamba kukata mipango ya mazingira, pamoja na huu, kulikuwa kumewaongezea Waingereza bili ya karibu pauni bilioni 2.5. Serikali ilipotaka kuufufua mpango kwa nguvu, ikaita mafundi ambao hawakuwepo. Tunadhani asilimia 98 haieleweki bila kipande hiki cha historia. Huwezi kuifuta kazi ya ufundi kwa miaka minane, kisha ukafungua mfuko wa bilioni moja kwa mwaka na kutegemea watokee watu wanaoijua.

Mara ya pili ni sasa. Katika bajeti yake ya Novemba 2025, Waziri wa Fedha Rachel Reeves alitangaza kwamba baada ya ECO4 hakutakuwa na ECO nyingine. Pamoja na kuhamishia kwenye kodi sehemu kubwa ya gharama za zamani za umeme wa jua na upepo, alisema bili ya wastani ingepungua kwa kama pauni 150 kwa mwaka. Fedha za kutengeneza nyumba sasa zinatoka hazina. Kwa Mpango wa Nyumba zenye Joto, serikali ilikuwa imeahidi pauni bilioni 13.2 mwezi Juni mwaka huohuo, na bajeti ikaongeza bilioni 1.5.

Je, ni uamuzi sahihi? Kwa upande wa nani analipa, tunaona ni sahihi. Kodi ya mapato humgusa mwenye nacho zaidi. Bili ya gesi haijui nani ana nini. Mjane anayepasha chumba kimoja anachangia kwa kila yuniti sawa na mwenye bwawa la kuogelea lenye maji ya moto. Lakini kuna upande wa pili ambao watetezi wa ECO wanausema, nao wana hoja. Wajibu wa kisheria kwenye kampuni ulikuwa mgumu kuupunguza kimyakimya. Fedha za hazina zinaweza kukatwa na waziri yeyote katika bajeti yoyote. Na katika mabadiliko haya, kampuni ndogo za ufundi zilizofanya kazi nzuri zinafungiwa soko pamoja na zile zilizoharibu.

Uingereza haiko peke yake. Ufaransa ina mfumo wa jamaa moja tangu mwaka 2006, ambapo wauza nishati, pamoja na vituo vya mafuta, hununua vyeti vya nishati iliyookolewa. Hapo ndipo ilipozaliwa ofa maarufu ya kuwekewa kihami joto darini kwa euro moja tu. Simu zikawa mvua. Mwaka 2020 bunge la Ufaransa likapiga marufuku kuwapigia watu simu kuwauzia kazi za aina hiyo, na mwaka uliofuata ofa ya euro moja ikafungwa, baada ya malalamiko mengi ya kazi mbovu na utapeli. Jimbo la Victoria nchini Australia, lenye mpango wake tangu mwaka 2009, nalo lilifikia kuzuia simu na ubishaji hodi mwaka 2024. Denmark ilikuwa imekwisha ufunga wake mwishoni mwa 2020. Nchi tofauti, sheria tofauti, ila ugonjwa ni uleule: bidhaa inayonunuliwa ni cheti, na cheti hakivuji mvua inaponyesha.

Afrika Mashariki hatuna baridi ya namna hiyo, isipokuwa kwa wenzetu wa Njombe au Limuru wanaoweza kubisha. Ila mfumo wenyewe unaweza kutujia kwa mlango wa jikoni. Tanzania imejiwekea lengo kwamba asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na Kenya Power ina kampeni yake ya Pika na Power. Siku ambayo shirika la umeme litapewa lengo, swali la kwanza liwe ni kipi kitahesabiwa: majiko yaliyogawiwa, au maharage yaliyoivia juu yake.

Kwa waliokwisha vishwa kuta huko Uingereza, kilichobaki ni matengenezo. Serikali imesema mkandarasi aliyeharibu ndiye atakayerekebisha, na mwenye nyumba hatakiwi kutoa hata senti. Wakandarasi 39 walisimamishwa kufunga vihami hivyo mapema mwaka 2025, ilipotangazwa hadharani kwamba mambo si mazuri. Wenye nyumba wanaandikiwa barua za kupewa ukaguzi wa bure. Tunawashauri wanaotusoma kutoka huko wasizitupe kwa kudhani ni tangazo jingine la biashara, na watunze karatasi zote walizoachiwa: jina la mkandarasi, tarehe ya kazi na cheti cha dhamana. Ukuta mkavu leo si ushahidi kwamba kazi ilikuwa njema. Maji yaliyonaswa nyuma ya bamba yanaweza kuchukua muda kufika chumbani.

Kuna jambo ambalo barua hizo hazilielezi vizuri. Baadhi ya kampuni zilizofanya kazi hizi zilikuwa ndogo, na kampuni ndogo hufa. Ikiwa imefilisika, mwenye nyumba anaangukia kwenye dhamana, na dhamana ina kikomo chake na masharti yake. Mpaka NAO inatoa ripoti yake, ni sehemu ndogo tu ya nyumba zenye kasoro iliyokuwa imepatikana na kurekebishwa. Zilizobaki zinangoja mtu wa kuja kupanda ngazi na kuangalia.